Nyuso Kwenye Kopo la Pini

Kitendawili changu leo hakitaki pupa, kisikilize mpaka mwisho. Nina kajumba ka mraba, kadogo kuliko kiganja. Mlango wake ni wa bati, nao hausukumwi, unateleza kando. Ndani hamna taa wala kitanda. Mna sahani moja tu, nyeusi, laini, isiyopakuliwa chakula. Na juu ya sahani hiyo wamelala watu, wala hakuna anayemsogezea mwenzake mguu. Ni nini?

Sema, usiogope kukosea. Unasema kaburi? Umekaribia, ila kaburi halina mlango wa bati. Simu? Simu haina sahani. Basi nipe mji. Haya, nimeupokea, nimeingia, nimeketi, nimekunywa maji yake, na sasa nakufungulia. Ni disketi. Vile vidude vya plastiki vilivyokuwa vikitiwa kwenye kompyuta za zamani, vikikwaruza kru-kru kama panya ndani ya gunia, kabla hatujaletewa hizi simu zenye kumeza dunia. Wengine waliviita flopi. Mtoto wa siku hizi akikiona kimoja, anauliza ni kifuniko cha nini.

Na hao watu waliolala juu ya sahani, hao ndio hadithi yenyewe.

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyefua na kupiga pasi nguo za watu, na kwa kuwa mji ulimjua kwa kazi yake, mji ukamwita Dobi. Jina alilopewa alipozaliwa lilibaki kinywani mwa mama yake tu, kama akiba. Alikuwa mtu mzima, vidole vimemchubuka kwa sabuni na kututumka viungo kwa maji baridi, na alipenda kuwaambia wateja kwamba mkono wake wa kulia umerefuka kuliko wa kushoto kwa kuvutwa na pasi.

Asubuhi hiyo hakumchekesha mtu. Alikaa kwenye stuli katika duka la fundi wa kompyuta, kopo la biskuti magotini, viganja viwili juu ya kifuniko, kama aliyebeba kitu kinachopumua.

Fundi mwenyewe watu walimwita Makaburi. Duka lake lilijaa maiti za mashine kutoka sakafuni hadi darini: vioo vya kompyuta vyenye matumbo makubwa, kibodi zilizong'oka meno, nyaya zimening'inia kila msumari. Jina hilo halikumkera. "Hapa hakijafa kitu," alizoea kusema, "vimezimia tu."

"Dada," alimwambia Dobi, "umekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Leta tuone."

"Ngoja kwanza."

"Nangoja. Mimi si ofisi, sitakuambia njoo kesho."

Dobi akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Njoo kesho. Maneno hayo alikuwa ameyala kwa miaka mingi, asubuhi na jioni.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, kijana wa miguu mirefu aliyetembea kama anaegemea upepo. Mwaka ule alikuwa amemaliza shule, kazi hana, jua linamkuta kitandani. Siku moja mama yao, naye ana uchovu wake, akamwambia neno. Halikuwa neno kubwa. Ni neno ambalo wazazi wengi huwatupia watoto wao mchana, na usiku wakala sahani moja. Alimwambia, "Mlango ule haujafungwa kwa mtu asiyetaka kazi." Kijana akavaa viatu, akatoka. Chakula chake kikafunikwa, kikalala.

Wakasema amenuna, njaa itamrudisha. Wiki hiyohiyo, jengo la ghorofa lililokuwa likipandishwa karibu na stendi kuu liliporomoka mchana kweupe, vibarua wakiwa ndani. Mama na Dobi waliisikia habari hiyo redioni kama watu wengine. Waliguna, wakawaombea wafiwa, wakaendelea kuchambua mchele. Ilipita karibu mwezi ndipo muuza maji mmoja akamwambia Dobi, "Yule mdogo wako mwenye mwendo wa upepo, nilimwona akibeba zege pale kwenye ghorofa. Sijui kama ni siku ile au siku nyingine."

Dobi alikimbilia hospitali bila kuvua aproni. Akaambiwa amechelewa. Wale waliokosa mtu wa kuwachukua walikwisha kuzikwa na manispaa, kwa safu, nyuma ya makaburi ya zamani. Majina yao hayakujulikana, maana vibarua wa pale hawakuandikwa. Msimamizi alihesabu vichwa tu asubuhi, na kichwa hakisemi kinaitwa nani. Lakini kila mmoja, akaambiwa, alipigwa picha kabla ya kuzikwa, kwa kamera ya kisasa inayomeza disketi. Picha huonekana kwa kompyuta tu. Kompyuta mbovu. Njoo kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa fundi hajalipwa, kisha ofisi ikahamia jengo jipya, na disketi hazikujulikana zimeingia gari gani.

Kila Dobi aliporudi kutoka hospitali, mama yake alimwinulia uso kutoka alipoketi na kumwuliza neno moja.

"Yumo?"

"Bado sijajua, mama."

Baada ya miaka likawa kama salamu. Dobi akitoka sokoni, akitoka kazini, akitoka kisimani, yule mama ainue uso: yumo? Na watu, unajua watu, hawakumsaidia. Huyu akasema kijana ameonekana ng'ambo ya mpaka, anaendesha lori. Yule akasema ameoa huko, ana watoto wawili. Mama akawasikiliza wote, akawakaribisha chai wote. Nywele zikawa pamba, macho yakaingia ukungu, lakini sikio moja likabaki mlangoni.

Na mlango wenyewe ulikuwa unakwenda. Nyumba ya mama ilikaa ukingoni mwa korongo, na kila msimu wa mvua korongo lilisogea hatua moja kama mgeni asiyekaribishwa. Ukuta wa chumbani ulipasuka ufa wa kuingia mkono. Dobi alikuwa amemwandalia mama chumba kwake, kitanda kimetandikwa, mwaka wa tatu sasa. Mama hataki.

"Akirudi akute kiwanja kitupu?" alisema. "Nilimtoa mlangoni mara moja. Mara ya pili simtoi."

Sasa hizo disketi zilifikaje kwa Dobi? Kuna mzee mmoja alikuja kufuliwa koti jeupe refu, la zamani, kola imeliwa. Dobi alimjua kwa sura tu: alikuwa mhudumu wa mochwari kabla hajastaafu.

"Mzee, si umestaafu? Koti la nini tena?"

"La kuzikiwa," mzee akasema. "Nimewavalisha wengi, sitaki mimi nivalishwe ovyo."

Wakacheka kidogo, na kicheko kikazaa maneno. Neno kwa neno, wakafika kwenye ghorofa. Mzee akaisugua kola ile kwa kidole. Kumbe ndiye aliyepiga zile picha. Ofisi ilipohama aliamriwa atupe takataka zote, naye akazibeba disketi nyumbani kwake, zikalala chini ya kitanda miaka yote hiyo.

"Mtu hawezi kuwatupa watu kwenye pipa, mwanangu," alisema. "Niliwapangusa vumbi mmoja mmoja. Niliwafumba macho. Kila mmoja nilimwekea kadi ya namba chini ya kidevu, na namba hiyohiyo iko kwenye kibao kaburini. Nilingoja mtu aje aulize. Hakuja mtu."

"Nilikuja mimi," Dobi akasema. "Niliishia dirishani kwa ofisi, mpaka viatu vikaisha."

Mzee akazileta kesho yake, zimefungwa kwenye taulo.

Ungedhani Dobi alitimua mbio kwa fundi. Hata. Aliyetafuta kitu miaka na miaka, siku akikipata hukiogopa. Aliliweka lile taulo kwenye rafu ya juu, ndani ya kopo ambalo hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuligusa, akajiambia ataenda wiki ijayo. Njoo kesho, safari hii akijiambia mwenyewe. Nguo za watu zikaja, zikaenda. Kisha usiku mmoja mvua ikanyesha, na asubuhi Dobi akakuta kipande cha ukuta kimeanguka kando ya kitanda cha mama, karibu na mto. Mama ameketi, amejifunika shuka, mchanga kichwani.

"Hakijanigusa," akasema mama.

"Mzee wa mochwari ameniletea zile picha, mama, leo nazipeleka kwa fundi," Dobi akasema. Alirudi kwake, akateremsha kopo, akaenda kwa Makaburi. Ndiyo hiyo asubuhi tuliyomkuta kwenye stuli.

"Haya," Dobi akasema. Akafungua kopo, akatoa taulo, akalikabidhi. Kopo akabaki nalo.

Fundi alizipanga disketi mezani, tano, lebo zimefifia mpaka rangi ya chai. Alisukuma kila moja kikufuli kidogo cha pembeni, tundu likafunguka. "Hapa nimeifunga mkono," alisema. "Isomwe tu, isiandikwe. Kompyuta za sasa hazina adabu kwa wazee. Zikikutana na kitu zisichokielewa, zinakuuliza: nikifute, nianze upya? Mwenye haraka anajibu ndiyo, na huo ndio msiba."

Alichomeka kisomeo cheusi chenye waya, akapangusa ulimi wake wa kusomea kwa pamba na spiriti, akatumbukiza disketi ya kwanza. Ikalia. Kru, kru, kimya, kru.

"Inasoma," fundi akasema, sauti imeshuka. "Dada, nikuwekee kioo upande wako, au nikutazamie mimi? Nipe alama zake."

"Ni damu yangu. Nitatazama mwenyewe."

Basi wakaja. Mmoja mmoja walipanda kwenye kioo, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayevuliwa shuka taratibu: nywele, paji, macho yaliyofumbwa, pua, mdomo, kidevu, kisha kadi nyeupe yenye namba. Nyuso za kijivu za saruji ambayo mzee yule aliipangusa isitoke yote. Vijana wengi. Mwanamke mmoja, labda mpishi wa vibarua, hereni moja bado sikioni. Mwingine alikuwa mtoto kabisa, ndevu hazijaota, mtu asingempa hata kubeba ndoo.

"Huyu?"

"Siye."

"Huyu?"

"Siye. Endelea."

Disketi ya pili. Ya tatu. Dobi alikaa wima, mikono juu ya kopo, na kila uso ulipoisha akatoa pumzi, akavuta nyingine. Alikuwa akiona haya kwa furaha iliyokuwa ikimjia. Kila mtoto wa mtu aliyepita pale, yeye alishukuru moyoni kwamba ni wa mtu mwingine. Ya nne ikaisha. Siye, siye, siye. Akaanza kumwona mdogo wake ng'ambo ya mpaka, mikono kwenye usukani wa lori, tumbo limeota.

Fundi akatia ya tano. Haikulia kru-kru. Ililia mlio mmoja mrefu, kama mtu anayejikuna ukutani, na kompyuta ikaandika swali lake: hakuna kitu humu, niifute nianze upya?

"Koma," fundi akaiambia kompyuta, akaichomoa disketi. Aliuteleza mlango wa bati kwa kidole, akaitazama ile sahani nyeusi chini ya taa, akainusa. "Ukungu hamna. Mkwaruzo hamna. Imekaa wapi hii?"

"Kwenye taulo. Pamoja na wenzake."

"Na taulo?"

"Ndani ya kopo."

"Hebu."

Dobi akalifungua kopo, akampa. Ndani mlikuwa na pini zake za kazi, zile anazobania vitambaa vya namba kwenye mafurushi ya nguo ili shuka la huyu lisiende kwa yule. Na katikati ya pini mlikuwa na kitu cha duara, kizito, pini zimekisimamia pande zote kama nungunungu aliyekasirika. Fundi akakitoa kwa vidole viwili.

"Nini hii?"

"Sumaku. Niliitoa kwenye spika ya redio mbovu. Napitisha juu ya nguo kabla sijaloweka." Dobi alisema hivyo huku akitazama uso wa fundi ukibadilika. "Pini ikibaki kwenye nguo mbichi inatoa kutu. Doa la kutu halitoki. Kila dobi anayo."

Fundi aliibeba sumaku mpaka mwisho wa duka, akaiweka sakafuni nje ya mlango, akarudi. Hakupandisha sauti. Angepandisha, Dobi angeona afadhali.

"Dada, hii sahani haina wino," alisema. "Kila uso humu umeandikwa kwa sumaku, vijisumaku vidogo visivyoonekana, vimepangwa mstari. Ukivisogezea sumaku kubwa, vyote vinageuka kuitazama yenyewe. Vinasahau vilichoambiwa. Hizi nne zilikingwa na mikunjo ya taulo. Hii ilikuwa chini, imeilalia."

Dobi akalitazama kopo. Sehemu salama kuliko zote alizokuwa nazo.

"Nimewaua," akasema.

"Walikwisha kufa, dada."

"Basi nimewaua tena."

Fundi akainama chini ya meza, akavuta kasha la chuma lisilo na mfuniko, uchi, nyaya zake nje kama matumbo. Lilikuwa la kompyuta ya zamani, na nyuma yake alikuwa ameunga kibao kidogo cha kijani.

"Kile kisomeo cheusi ni kama mtoto wa darasa la kwanza," alisema. "Neno asilolijua, anafunga kitabu. Huyu mzee hasomi, anasikiliza. Hata kigugumizi anakisikiliza, nami namwambia arudie, arudie, mpaka neno litoke. Sumaku imelamba ukingo wa nje, na huko ndiko kompyuta inakoanzia kusoma, ndiyo maana inasema hamna kitu. Huenda ndani wamebaki. Nasema huenda."

Wakaanza. Lile kasha lilizungusha sahani, likasimama, likarudi nyuma, likazungusha tena. Jua likahama kutoka mlangoni hadi kwenye kaunta. Fundi alileta chai, Dobi hakuigusa. Wateja wawili walikuja, fundi akawaambia wasubiri nje, mmoja akasema, "Makaburi, leo una maziko?" na fundi akamwambia, "Ndiyo, na wewe punguza sauti."

Uso wa kwanza ulipanda mpaka nyusi, ukakatika. Chini yake pakawa rangi ya kijivu tupu, kama saruji iliyomwagwa jana. Siye. Wa pili ulikuwa paji tu, na paji halina mwenyewe. Fundi akaurudisha mara nyingi, halikuongezeka hata jicho. Wa tatu haukuja kabisa.

Wa nne ulianza na nywele. Fupi, zimeanzia mbali juu ya paji. Kisha yakashuka masikio, yametoka nje pande zote mbili kama mishikio ya sufuria, na Dobi akawa amekwisha kujua. Walipokuwa watoto yeye ndiye aliyempachika mdogo wake jina hilo, Sufuria, na kijana alikuwa akilia machozi. Macho yakashuka, yamefumbwa. Mfupa wa pua. Hapo ukakatika.

Fundi alisubiri. Hakuuliza "huyu?"

"Rudia," Dobi akasema.

Akarudia. Masikio, macho, mfupa wa pua, kijivu.

"Chini ya kidevu kuna kadi," Dobi akasema. "Nataka kadi."

"Najua."

"Kadi ndiyo kaburi lake. Bila kadi nitamtambuaje kaburini? Rudia, fundi. Mdomo sitaki, iache midomo. Nipe kadi tu."

Alirudia mpaka lile kasha likatoa harufu ya moto. Kadi haikuja. Wala ya yule wa kwanza, wala ya yule wa paji, wala ya waliopotea kabisa. Disketi ile ilikuwa ya safu ya mwisho, mzee wa mochwari alikuwa ameiandika hivyo kwenye lebo. Basi Dobi akajua hivi: kwamba mdogo wake yumo katika safu ya mwisho, mbali nyuma ya makaburi ya zamani, kati ya vibao vichache vyenye namba, na kibao kipi, hakuna mtu duniani atakayekijua. Na aliyefuta ni yeye, kwa kifaa chake cha kuzuia madoa.

Fundi alizihamisha zile picha zote kwenye flashi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Utamwambia mama?"

"Ndicho kilichonileta."

"Sikuambii usimwambie." Fundi alikuwa akizungusha waya kwenye kidole, anauzungusha, anaukunjua. "Ila bibi yangu alimsubiri mumewe miaka mingi. Alikuwa akilima, akibishana na watu, akitupiga viboko. Siku walipomletea habari akasema ahsanteni, akaenda kulala. Hakuamka siku ya pili yake. Kuna watu kusubiri ndio uti wao wa mgongo. Nakuambia tu uone uzito unaobeba."

"Na ukuta ukimwangukia?"

"Sijui, dada. Mimi ni fundi wa kompyuta."

Dobi alitembea. Angeweza kupanda gari, hakupanda. Njiani alipanga maneno kama anavyopanga mashati, kola juu ya kola, na kila alipopiga hatua yakaporomoka. Nikisema hayumo, mama ataishi, lakini ataishi ndani ya ule ufa, na mvua zijazo zitamkuta humo. Nikisema sijui, ni uongo wa nusu, na nusu hiyo nimeitengeneza mwenyewe. Nikisema yumo. Hapo akasimama kando ya barabara, akashika ukuta wa watu, mpaka mwenye nyumba akachungulia na kumwuliza, "Mama, unaumwa?"

"Hapana, nimechoka tu."

Alimkuta mama yake ameketi barazani, miguu imenyooshwa, ufagio umelala pembeni. Alikuwa amefagia mchanga ulioanguka ukutani, ameukusanya kilima kidogo, kama vile atakuja kuurudisha mahali pake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa leo. Nguo nyingi?"

Dobi akangoja lile neno. Halikuja. Miaka yote uso ule uliinuka na kuuliza, na leo uliinuka, ukamgeukia pale sauti ilipotoka, ukatulia. Hapo Dobi akaelewa kwamba mama amesikia mwendo wake, na mwendo umekwisha kumsema.

"Kuku wa jirani wameingia tena humu," mama akasema. "Nimewafukuza kwa ufagio. Mmoja ni mkaidi kama babu yako."

"Nitamwambia jirani."

"Usimwambie. Kuku hawana mtu wa kuongea nao." Akapapasa ukindu wa mkeka. "Maji yapo mtungini. Kunywa."

Dobi akanywa. Akaketi karibu, bega kwa bega. Chini korongoni kokoto zilikuwa zinateleza, moja moja, zikisimama, zikiteleza tena.

"Ulikwenda kwa yule fundi," mama akasema.

"Nilikwenda."

"Ukawaona."

"Niliwaona."

"Wana macho wazi?"

"Wamefumba, mama. Wote."

"Wamefumba wenyewe, au kuna mtu aliyewafumba?"

"Yule mzee wa mochwari. Aliwapangusa uso na kuwafumba, mmoja mmoja. Ameniambia mwenyewe."

Mama akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi, kama mtu anayehesabiwa kitu na kukiri kila kimoja. "Mungu amlipe. Alikuwa na mama yake huyo." Akaukunja mguu mmoja. "Na kuzikwa? Walitupwa shimo moja?"

"Kila mmoja ana kaburi lake. Lina kibao na namba." Dobi akaona kwamba akisubiri zaidi hatasema. "Ila kwenye picha namba zingine zimefutika, mama, za safu ya mwisho. Nimezifuta mimi. Niliziweka disketi kwenye kopo langu la pini, na mna sumaku mle. Sikujua. Wa safu ile, kaburi la nani ni lipi, haitajulikana tena."

Alitegemea kilio, au neno, lile ambalo mama alikuwa nalo zamani, la kumtoa mtu mlangoni. Mkono wa mama ulitafuta kwenye mkeka mpaka ukaupata wa Dobi, ukaufunika, ukavihisi vile viungo vilivyotutumka.

"Safu yenyewe ni ndefu?" akauliza.

"Si ndefu."

"Basi mtu anaweza kuwasalimia wote. Hata kwa miguu yangu hii. Mtu akiwasalimia wote, hakuna atakayerukwa." Akauvuta mkono wa Dobi magotini kwake. "Na wale wengine nao, nani huwasalimia? Hakuna. Haya. Hilo si neno."

Jua lilikuwa limefika kwenye kile kilima cha mchanga. Mama akauinua uso, akaugeuza upande wa binti yake, yale macho ya ukungu yakitafuta mahali pa kutua.

"Sasa niambie mwanangu," akasema. "Yumo?"

"Yumo, mama."